Gwaride limekwisha, kozi ndiyo inaanza: maswali ya wazazi wenye watoto kwenye mafunzo ya ufundi jeshini

Ninaishi Nakuru, upande wa Lanet, mahali ambapo mtu akipita dukani na sare za jeshi hakuna anayegeuza shingo. Kifungua mimba wangu ni fundi wa ndege katika Jeshi la Wanahewa. Dada yake anayemfuata yuko kwenye kozi ya umeme sasa hivi ninapoandika. Tangu kijana aondoke nyumbani, wazazi wenzangu wamekuwa wakinishika mkono kanisani, kwenye chama, hata stejini nikiwa na mfuko wa viazi, wakitaka kujua hili na lile. Maswali mengi yanajirudia, kwa hivyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayotoa. Mimi ni mama, si msemaji wa jeshi. Kwa mambo ya taratibu, fuata barua aliyopewa mtoto wako na nambari iliyoandikwa humo.

Mtoto wangu ameenda jeshi. Ameenda wapi hasa?

Nusu ya wasiwasi wa wazazi hutokana na kutojua jambo hili. Aliyechukuliwa kama kuruti huanzia Eldoret, kwenye shule ya mafunzo ya makuruti iliyo katika kambi ya Moi. Hapo hajifunzi ufundi. Anajifunza kuwa askari: kwata, silaha, kusoma ramani, huduma ya kwanza, kuamka kabla ya jogoo. Aliye kadeti, yaani anayesomea uafisa, huenda Chuo cha Kijeshi cha Kenya hapa kwetu Lanet. Hata wahandisi wanaoingia na digrii zao ili wawe maafisa hupitia Lanet kwanza.

Ufundi wenyewe huja baadaye. Jeshi lina chuo chake cha ufundi Nairobi, na kila kikosi kina kambi zake: wanahewa wako Moi Air Base iliyo Eastleigh, Nairobi, na Laikipia kule Nanyuki, wanamaji makao yao ni Mtongwe, Mombasa. Wako pia wanaoingia tayari wakiwa na ujuzi mkononi, fundi wa magari, wa kuchomelea, wa mabomba, wa kushona, mpishi, wenye cheti cha chuo au daraja za NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Hao nao hupitia Eldoret kabla ya kurudishwa kwenye kazi wanayoijua.

Tulienda Eldoret kwa gwaride la kufuzu, tukasherehekea. Si mafunzo yameisha?

Hapana. Kama ungesoma jibu moja tu kati ya haya yote, ningependa liwe hili.

Siku ya gwaride sisi wazazi huwa tumeamka saa nane za usiku ili tuwahi matatu. Tunafika tumevaa kama watu wa harusi. Tunamtafuta mtoto kati ya vichwa vingi vilivyonyolewa vikafanana, na hatumtambui mpaka acheke. Tunalia, tunapiga vigelegele, tunapiga picha mpaka simu inazimika. Nyumbani mbuzi anasubiri. Kila jirani anasema, "Sasa huyu ameshafika." Kuanzia siku hiyo simu za kumtia moyo zinapungua, na simu za kumwomba zinaanza.

Kumbe yeye ndiyo kwanza anaingia penye ugumu. Kule Eldoret walichoka wote pamoja. Mmoja akilemewa mbioni, mwenzake alimshika mkanda akamvuta. Darasani karatasi ya mtihani ni yake peke yake. Tena kuna jambo ambalo kijana wangu alinieleza kwa simu katika wiki ya tatu ya kozi, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilirudia kwa kila mzazi. Kwa miezi alikuwa amefunzwa kujibu "Ndio, afande" kwa sauti ya juu, kutoonyesha kwamba anaumia, kutouliza uliza. Halafu akaketishwa mbele ya mchoro wa mfumo wa haidroliki, ule unaotumia shinikizo la mafuta kukunja na kukunjua magurudumu ya ndege. Mwalimu akauliza nani hajaelewa. Hakuna aliyeinua mkono. Kijana wangu alikuwa hajaelewa hata mshale mmoja kwenye mchoro ule, na kwa wiki tatu alikuwa akinyamaza hivyo hivyo, usiku akinakili madaftari ya wenzake kwa tochi.

Nilimwambia, "Mwanangu, sikukupeleka huko ujifanye unajua. Nilikupeleka ujue." Kesho yake aliinua mkono. Mwalimu akarudia mchoro wote kutoka mwanzo, na wenzake wanne wakamfuata nje ya darasa kumshukuru.

Mtoto aliyezoea kwata anahitaji mtu wa nyumbani amwambie kwamba kutoelewa si utovu wa nidhamu. Wakufunzi wazuri humwambia hivyo pia, lakini kutoka kwa mama au baba linaingia kwa njia nyingine.

Huu ni mwezi wa pili, simu yake haiingii. Nifanye nini?

Subiri. Kuruti kwa kawaida hakai na simu, na ukimya wake si habari mbaya. Hakikisha tu kwamba nambari aliyoandika kwenye fomu kama ya jamaa wa karibu iko hewani. Mama mmoja ninayemjua wa upande wa Kakamega alipoteza simu, akanunua laini mpya na kusahau jambo hilo. Mtoto wake alipolazwa kwa homa ya mapafu, ujumbe ulizunguka kwa mjomba, kwa chifu, mpaka kumfikia yeye siku tano baadaye, mtoto akiwa tayari amerudi kwenye mafunzo. Rudisha laini ya zamani. Usiende kusimama langoni.

Anatoka Kisumu. Mwili wake utastahimili Eldoret?

Kisumu iko mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari. Eldoret iko mita kama 2,100. Huo ni mlima mzima katikati. Kijana aliyekuwa akikimbia kutoka Dunga hadi mjini bila kutweta atajikuta anahema kama mzee, na atadhani amekuwa mdhaifu. Hajawa mdhaifu. Hewa ya juu ni nyepesi, na mwili unahitaji wiki kadhaa kuongeza chembe nyekundu za damu zinazobeba hewa hiyo. Mwambie jambo hili kabla hajaondoka ili asijidharau. Sisi wa Nakuru, tulio kwenye mita 1,850 hivi, watoto wetu wana nafuu kidogo, ingawa baridi ya alfajiri ya Eldoret haimwachi mtu yeyote.

Lakini kinachowaumiza wengi zaidi ni mifupa ya miguu. Muundi na mifupa myembamba ya nyayo hupata nyufa ndogo pale mzigo unapoongezwa haraka kuliko mfupa unavyoweza kujijenga. Uchovu wa kawaida huenea mguu mzima na hupungua baada ya mapumziko. Maumivu ya mahali pamoja, unapoweza kuweka kidole ukasema "hapa", na yanayozidi kila siku, hayo ni ya kupeleka kwa daktari wa kambi. Vijana huyaficha kwa sababu wanaogopa kubaki nyuma. Ufa ukionekana mapema hupona kwa wiki kadhaa za kupumzika. Ukifichwa, mfupa unaweza kuvunjika kabisa.

Anayesubiri kuitwa aanze kukimbia sasa, polepole, akiongeza kidogo kila wiki, na awe anatembea na mfuko wenye uzito mgongoni. Ale omena kwa wingi, kwa maana omena huliwa pamoja na mifupa yake, na ndimo yalimo madini ya kujenga mifupa. Ale managu, maharagwe, anywe maziwa. Na msichana apimwe damu kwenye zahanati ya karibu kabla ya kwenda. Wengi wana upungufu wa damu na hawajui. Wanadhani ni uvivu.

Alipata D katika Fizikia. Ataweza kozi ya ufundi?

Ataweza, mradi akubali kuanzia chini. Nimewaona waliopata alama nzuri wakishindwa kwa sababu walikariri, na waliopata alama ndogo wakipita kwa sababu waliketi chini wakaanza na kitabu cha kidato cha pili bila kuona haya.

Kuna mambo machache ambayo yakikaa vizuri kichwani, mengine huyafuata. Hesabu za uwiano. Kuhamisha herufi kwenye mlinganyo. Vipimo, kwa sababu vitabu vingi vya mashine na vya ndege vinatumia inchi, na fundi lazima ajue kama anavyojua jina lake kwamba inchi moja ni milimita 25.4. Katika umeme, volti ni ampea mara omu. Akiielewa sheria hiyo moja kwa mifano ya nyumbani, betri na balbu na waya, amefungua mlango mkubwa. Kisha kuna Kiingereza cha vitabu hivyo, ambacho si kile cha insha za shuleni. Binti yangu ana kijitabu kidogo cha mfukoni: upande mmoja neno la ufundi, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili na mchoro mdogo. Kimejaa grisi, na ukitaka kumkasirisha, kipoteze.

Sisi wazazi hudhani hatuwezi kusaidia masomo haya kwa kuwa hatukuyasoma. Nami nilidhani hivyo. Likizo yake ya kwanza binti alikuja na kopo la majani chai lililojaa rezista, vitu vidogo kama punje za mchele vinavyozuia umeme usipite kwa wingi, kila kimoja kikiwa na mistari ya rangi. Kila rangi ni nambari. Nyeusi ni sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, rangi ya chungwa tatu, manjano nne, kijani tano, buluu sita, zambarau saba, kijivu nane, nyeupe tisa. Mistari miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu unakwambia uongeze sifuri ngapi. Kahawia, nyeusi, nyekundu: moja, sifuri, halafu sifuri mbili. Omu elfu moja.

Nilikuwa nakata sukuma. Akaniomba niwe naokota moja moja namtajia rangi, yeye ajibu. Siku ya kwanza alikosea kila ya pili. Siku ya tatu mimi mwenyewe nilikuwa nayajua majibu kabla hajafungua mdomo, na kisu nilikuwa nimekiweka chini. Sasa akipiga simu, kabla ya salamu kwisha ninamwambia, "Manjano, zambarau, chungwa." Naye, "Elfu arobaini na saba, mama." Baba mmoja wa Bungoma nilimweleza hili, akaanza kumuuliza kijana wake majina ya sehemu za injini ya dizeli, akisoma kutoka kwenye karatasi aliyoandikiwa. Yeye ni mkulima wa miwa. Anasema sasa injini ya trekta anaisikia kwa sikio lingine.

Akipiga simu, niseme nini?

Hapa nina deni la kusema ukweli. Kijana wangu alipiga Jumapili jioni. Kwa dakika kama kumi nilimweleza kwamba nyanya yake wa Butere amelazwa, kwamba ndugu yake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, kwamba mvua imebomoa ukuta wa choo, na kwamba watu wanauliza atakuja lini. Alikuwa akijibu "Sawa, mama. Pole, mama." Asubuhi iliyofuata, saa mbili, alikuwa na mtihani. Hakupita. Sikujua mpaka alipokuja likizo akaniambia, tena kwa upole, kama mtu anayemfunga mwenzake kidonda.

Siku hizi swali langu la kwanza ni, "Mtihani ujao ni lini?" Naandika tarehe kwenye kalenda iliyo nyuma ya mlango wa jikoni. Katika siku tatu kabla ya tarehe hiyo, nyumba yangu haina matatizo. Yapo, lakini hayapandi simu. Tunaongea habari za kuku, za nani amezaa, za timu yake ya mpira. Baada ya mtihani ndipo tunapoongea mambo mengine.

Msiba ni kitu kingine. Usimfiche mtoto kifo cha mtu wa karibu ati kwa sababu ya mtihani. Akija kujua kaburini hatakusamehe upesi. Lakini usimpe habari hiyo kwa ujumbe wa simu usiku. Piga nambari ya kambi au ya chuo, ueleze, uombe aambiwe na mtu aliye karibu naye. Jeshi lina makasisi na maimamu, na kazi yao ni pamoja na hiyo. Ruhusa ya kuja kuzika huamuliwa na wakubwa wake, na ni rahisi kuiomba ikiwa wamesikia kutoka kwenu mapema.

Na usimuulize yale asiyoruhusiwa kusema. Anafanya nini leo na silaha gani, wanaenda wapi wiki ijayo, kambini wako wangapi. Muulize amelala saa ngapi, amekula nini, nani rafiki yake.

Ameanza kupata pesa. Ni vibaya akisomesha wadogo zake?

Si vibaya. Hata wangu wamesomeshana. Ubaya uko kwenye haraka na kwenye wingi wa mikono. Mtoto akishavaa sare, ukoo mzima humwona kama benki. Binamu anataka ada ya chuo, shangazi anataka mtaji wa mitumba, mtu aliyesoma naye shule ya msingi anataka "kitu kidogo tu kwa M-Pesa". Kijana anaona haya kukataa. Anakopa kwenye simu, anakopa kwa wenzake, na usiku badala ya kusoma anahesabu madeni.

Nyumbani kwetu tulikaa chini, mimi, baba yao na kijana mwenyewe, tukakubaliana kiasi kidogo atakachotuma kila mwezi mpaka kozi iishe, bila nyongeza. Mtu mwingine yeyote mwenye shida anakuja kwangu. Mimi ndiye ninayekataa. Nimeitwa mchoyo, nimeitwa mwanamke aliyemkalia mtoto. Nayabeba, kwa kuwa mimi sina mtihani. Kilichobaki kinaenda kwenye Sacco, na kama alisoma chuo kwa mkopo wa HELB, hilo ndilo deni la kwanza kulipangia, kwa maana halisahauliki wala halisamehewi.

Huyu wangu ni msichana. Nimwache aende?

Kama anataka na anafaa, mwache. Fatuma Gaiti Ahmed alijiunga na jeshi 1983, wakati wanawake walikuwa na kikosi chao cha pembeni. Kikosi hicho kilivunjwa 1999, wanawake wakaingizwa kwenye vikosi vyote. Mwaka wa 2015 akawa mwanamke wa kwanza Kenya kufikia cheo cha brigedia, na Mei 2024 akakabidhiwa uongozi wa Jeshi la Wanahewa lote. Binti yangu ana picha yake iliyokatwa gazetini, ameibandika ndani ya sanduku lake.

Mambo ya kuongea naye kabla hajaondoka, mama na mwana, bila kuzungukazunguka: masharti yanasema wazi kwamba msichana asiwe mja mzito wakati wa kusajiliwa wala wakati wa mafunzo. Aijue miezi yake. Aende na vifaa vya hedhi vya kutosha, kadiri barua inavyoruhusu. Na ajue kwamba mtu yeyote, hata awe mkubwa kiasi gani, akimtaka kimapenzi ili apite mtihani, huo si utaratibu wa jeshi na ana haki ya kusema, kwa afisa mwanamke, kwa kasisi, au kwako. Akikwambia, mwamini kwanza.

Wanaouliza nani atamwoa, mimi huwa siwajibu.

Amefeli mtihani anataka kuacha. Kuna mwingine ametoroka, amefika nyumbani usiku.

Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Anayetaka kuacha, msikilize mpaka amalize. Usimtishe kwa kumkumbusha mbuzi mliyechinja. Muulize amefeli nini: somo moja, au yote? Haelewi, au halali? Mara nyingi ni somo moja lililomtia aibu. Muulize pia kama amemwambia mkufunzi wake. Wako wanaorudia, wako wanaohamishiwa fani nyingine na kung'aa huko. Kijana wa jirani yangu aliondolewa kwenye fani ya vyombo vya elektroniki akapelekwa kwenye magari, na leo ukimkuta chini ya lori huwezi kumtoa.

Aliyetoroka ni jambo la sheria. Chini ya Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ya 2012, kuondoka bila ruhusa ni kosa, na utoro, yaani kuondoka bila nia ya kurudi, ni kosa kubwa zaidi, linaloweza kumfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi. Mpe chakula, mwache aoge, alale. Asubuhi pigeni simu pamoja kwenye nambari iliyo kwenye barua, na umsindikize mwenyewe kurudi. Kila siku anayokaa amefichwa kwa mjomba inamwongezea uzito. Njiani ndipo atakapokwambia kilichomkimbiza, na kama ni kipigo au dhuluma, useme hivyo mbele yake ukifika.

Kuna mtu anasema kwa shilingi laki kadhaa atampatia nafasi, au atamhamishia kozi nzuri.

Ni mwizi. Usajili wa jeshi ni bure, na kila tangazo la usajili linasema hivyo. Wazazi wameuza ng'ombe na mashamba, kijana akafika Eldoret na barua ya kughushi mkononi, akakamatwa langoni yeye badala ya aliyeiuza. Anayeahidi kuhamisha kozi ni wa ukoo huohuo. Usimpe hata nauli, na uripoti.

Ninaogopa vita na ajali. Silali.

Nami kuna siku silali. Sisi wa huku hatujasahau El Adde kule Somalia, kambi ya jeshi letu iliyoshambuliwa na al-Shabaab Januari 15, 2016, kwa sababu wanajeshi wengi waliokuwa kule walitoka kwenye kambi ya Eldoret, na maziko yalikuwa vijijini mwetu. Wala hatujasahau Aprili 18, 2024, helikopta ilipoanguka Elgeyo Marakwet ikamuua Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, mwana wa Siaya, pamoja na wanajeshi wengine tisa. Siku ile nilimpigia kijana wangu mara kumi na nne. Alipopokea hakusema kitu, na mimi sikusema kitu. Tulisikilizana tukipumua.

Siwezi kukwambia kwamba fundi haendi vitani. Magari na ndege zinakoenda, fundi anaenda. Ninachojua ni kwamba kilichonituliza kidogo ni kuelewa kazi yake. Alinieleza kwamba kabla ya ndege kuondoka, zana zote zilizotumika huhesabiwa. Bisibisi moja ikikosekana, ndege haipai mpaka ipatikane, hata kama ni ya rubani mwenye haraka kiasi gani, kwa sababu kipande cha chuma kilichosahauliwa kwenye injini kinaweza kuua kila aliyemo. Kila kazi anaitia sahihi yake. Tangu aniambie hivyo, maombi yangu yamebadilika. Namwombea macho.

Usingizi ukikatika kwa wiki nyingi, mweleze daktari au mchungaji, au mzazi mwingine. Sisi akina mama watatu wa mtaa huu hutembea pamoja Jumamosi asubuhi, kila mmoja ana mtoto kambini. Hatuongei sana.

Amerudi likizo, simtambui. Hakai, hacheki, anapanga vitu.

Mpe siku tatu za kulala na kula. Usimwitie wageni siku ya kwanza. Akiamka saa kumi alfajiri na kutandika kitanda kikanyooka kama meza, mwache. Asipotaka kusimulia, mpe kazi ya mikono mfanye pamoja. Maneno hutoka vizuri mikono ikiwa na shughuli.

Baba yao ana karakana ndogo ya magari hapa Nakuru, na kwa miaka zaidi ya 20 spana zake zote zimekaa kwenye sanduku moja, zikitupwa na kuchakurwa. Likizo ya pili kijana alinunua kipande cha plaiwudi, akakipigilia ukutani, akalaza kila spana juu yake na kuizungushia mstari wa rangi nyeusi. Kila moja ikapata kivuli chake. Mzee alinung'unika kwamba hayo ni mambo ya jeshi. Wiki hiyohiyo, wakifunga jioni, kivuli cha nambari 13 kilikuwa kitupu. Kijana akakataa kuondoka. Walitafuta kwa tochi kwenye mchanga, mifukoni, chini ya benchi, mpaka wakaikuta imelala juu ya injini ya gari la mteja aliyekuwa aje kulichukua saa kumi na mbili asubuhi kwenda Kericho.

Kijana amerudi kambini tangu Januari. Baba yake hafungi mlango wa karakana sasa kabla ya kusimama mbele ya ule ubao, akipitisha kidole kutoka kivuli kimoja hadi kingine.